Ukifika Lisbon jiulize maswali mawili: kabla au baada ya 1755, na pesa zilitoka wapi

Wengi wetu tukifika Lisbon tunaanza na ile tramu ya njano namba 28, na mimi nilianza hivyohivyo, nikapanga foleni pale Martim Moniz karibu saa nzima, nikapanda, nikabanwa na watu mpaka mwisho wa safari, nikaona makanisa, ngazi, nyumba zilizovikwa vigae vya bluu, masanamu ya wafalme, na niliposhuka sikuweza kumwelezea mtu kitu kwa mpangilio. Mji mzuri sana, ila kichwani umekaa kama nguo zilizomwagwa kitandani. Siku ya tatu ndo nikaelewa kwamba nilikuwa naangalia vitu vya zama nne tano tofauti nikidhani vyote ni "vya zamani" tu basi.

Chukua ngome ya São Jorge, ile iliyoko juu kilimani. Ukiiona unasema hii ndo ya kale kabisa, na kweli mahali penyewe ni pa kale, lakini kuta nyingi unazopigia picha zilijengwa upya kati ya 1938 na 1940. Ile mitaa ya chini iliyonyooka kama imepigwa rula, ambayo inaonekana ya juzi, ina zaidi ya miaka 250. Alafu ukienda magharibi kuufuata mto mpaka Belém unakuta monasteri ya miaka ya 1500 imesimama nzima, wakati kule katikati ya mji kuna kanisa la miaka ya 1300 mwishoni halina paa. Haya mambo huwezi kuyapanga bila ufunguo, na ufunguo wenyewe ni tarehe moja, 1 Novemba 1755, siku ya lile tetemeko kubwa la ardhi. Kwa hiyo mimi sa hivi nikisimama mbele ya jengo lolote la Lisbon najiuliza, hili ni la kabla au la baada ya siku ile, na pesa ya kulijenga ilitoka wapi. Hilo swali la pili linatuhusu sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki kuliko wengi tunavyojua, tutalifikia.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yamejaa na mishumaa inawaka kila altare. Baada ya saa tatu na nusu asubuhi ardhi ikatetemeka, ikatulia, ikatetemeka tena, na wataalamu wa leo wanalikadiria tetemeko lile kuwa na ukubwa wa 8.5 au zaidi, kitovu chake kikiwa huko baharini, kusini magharibi mwa Ureno. Watu walionusurika na kuta zilizoanguka wakakimbilia mahali pa wazi, na mahali pa wazi palipokuwa karibu ni ukingo wa mto Tejo, bandarini. Inasimuliwa kwamba maji yalirudi nyuma kwanza mpaka chini ya mto pakaonekana, kisha tsunami ikaja, ikawakuta palepale. Na ile mishumaa, na majiko ya majumbani, ikawasha moto uliodumu siku tano hivi. Makadirio ya waliokufa yanapishana, wengi wanataja kati ya 30,000 na 50,000. Yaani mambo matatu, tetemeko, maji, moto, yote yakianza siku moja, kwenye mji uliokuwa miongoni mwa matajiri wa Ulaya.

Kilichopotea si nyumba tu. Ikulu ya Ribeira ilikuwa pale mtoni, ndani yake maktaba yenye makumi ya maelfu ya vitabu, na jumba la opera lilikuwa limefunguliwa mwaka huohuo, vyote vikaenda. Ikaenda pia Casa da Índia, ile ofisi ya mfalme iliyosimamia biashara yote ya Bahari ya Hindi, pamoja na makaratasi yake. Nilipolisoma hilo liliniuma sana, manake wale Wareno walikuwa wanaandika kila kitu, nani kalipa nini, meli gani imetoka bandari gani, kwa hiyo bila shaka kuna kurasa za Kilwa, Mombasa, Malindi na Sofala ambazo hatutazisoma milele kwa sababu ziliungua Lisbon. Zilizookoka ni nyingi pia, hifadhi ya nyaraka ya Torre do Tombo mnara wake ulianguka lakini makaratasi mengi yakatolewa kwenye kifusi, na mpaka leo watafiti wa historia ya pwani yetu wanaenda kuyasoma kulekule.

Sasa hapa ndo mji unaanza kusomeka. Mfalme José wa Kwanza na familia yake walikuwa Belém siku ile, wakapona, lakini inasemekana mfalme hakutaka tena kulala chini ya kuta za mawe na akajengewa makazi ya mbao na mahema juu kule Ajuda. Kazi yote ikashikwa na waziri wake, Sebastião José de Carvalho e Melo, ambaye baadaye alipewa cheo cha Marquês wa Pombal na ndo jina wanalomwita mpaka leo. Mhandisi mkuu Manuel da Maia alikuwa mzee wa karibu miaka 80, na yeye ndiye aliyempangia machaguo, kuanzia kujenga upya mji uleule kama ulivyokuwa mpaka kuhamia sehemu nyingine kabisa. Wakachagua kusawazisha eneo lote la bondeni, linaloitwa Baixa, na kuchora mitaa mipya iliyonyooka.

Ukitembea Baixa angalia kwa makini kwa sababu uzuri wake umefichwa. Nyumba zote zina urefu unaolingana, madirisha yanafanana, hakuna urembo mwingi, na mgeni anaweza kuona kama pamepooza. Lakini ndani ya zile kuta kuna mbao zilizofungwa pembe kwa pembe na misalaba, wanaita gaiola, yaani tundu la ndege. Wazo ni kwamba jiwe likitikiswa linapasuka lakini mbao inapinda na kurudi, kwa hiyo tetemeko likija ukuta unaweza kumwaga plasta na mawe ila fremu ya mbao inabaki imebeba nyumba na watu. Wanasimulia kwamba walijaribu mfano wake kwa kuwaambia wanajeshi wazunguke pembeni wakipiga miguu kwa nguvu ili ardhi itetemeke. Na kwa kuwa pale chini ni udongo laini wenye maji, majengo yalisimamishwa juu ya vigingi vya msonobari vilivyozama kwenye unyevu, ambavyo havioziki mradi vibaki na maji. Rua dos Correeiros kuna sehemu ya chini ya jengo ambako unashuka na kuviona vigingi vyenyewe, pamoja na mabaki ya Kirumi chini yake, na ni moja ya vitu nilivyovipenda kuliko vyote mjini pale, kwa sababu watu wanapita juu na kahawa zao hawajui wamekanyaga nini.

Majina ya mitaa nayo ni maelezo tosha. Rua Áurea ya wafua dhahabu, Rua da Prata ya fedha, Rua dos Sapateiros ya mafundi viatu, Rua dos Fanqueiros ya wauza vitambaa, kila kazi ilipangiwa mtaa wake. Ule uwanja mkubwa unaoangalia mto ramani inauita Praça do Comércio, uwanja wa biashara, lakini wenyeji wengi bado wanasema Terreiro do Paço, uwanja wa ikulu, ikulu ambayo haipo tangu 1755, na kituo cha metro kimebeba jina hilohilo. Kwa hiyo ukimuuliza mtu njia akakutajia jina moja na simu yako ikakwambia lingine, msipishane, ni palepale. Sanamu ya José juu ya farasi iliwekwa 1775, ule upinde mkubwa ulikamilika miaka ya 1870. Na pesa? Wafanyabiashara walichangia, na dhahabu ya Brazil ilikuwa bado inaingia, dhahabu iliyochimbwa na Waafrika waliokuwa watumwa kule.

Kitu kingine ambacho Pombal alifanya na ambacho sioni kikitajwa sana na waongoza watalii ni kutuma maswali kwa mapadri wa parokia zote za nchi, tetemeko lilidumu muda gani, mitikisiko ilikuwa mingapi, bahari ilipanda au ilishuka kwanza, nyufa zilitokea wapi. Leo wataalamu wanahesabu maswali yale kuwa miongoni mwa hatua za mwanzo za elimu ya matetemeko. Kwa zama ambazo wahubiri wengi walikuwa wanasema ni adhabu ya Mungu tu, kukaa na kuuliza mambo yanayopimika ilikuwa akili kubwa sana.

Kama unataka kuona Lisbon ilikuwaje kabla, nenda makumbusho ya vigae, yako ndani ya iliyokuwa konventi ya Madre de Deus mashariki ya mji. Kuna picha ya vigae vya bluu na nyeupe yenye urefu wa mita 23 hivi, ya mwaka 1700 au karibu na hapo, inayoonyesha mji wote ukiutazama kutoka mtoni, ikulu ya Ribeira ikiwemo, makanisa, meli, mabonde. Tembea nayo polepole toka mwanzo hadi mwisho, utaona vitu vingi ambavyo miaka 55 baadaye havikuwepo. Hata neno lenyewe azulejo limetoka kwenye Kiarabu.

Kumbukumbu nyingine ya siku ile ni Carmo, lile kanisa lisilo na paa nililolitaja. Lilianzishwa 1389, likaanguka 1755, wakaanza kulijenga tena, kazi ikasimama kabisa mwaka 1834, na wakaamua mifupa ya matao ibaki hivyohivyo chini ya anga. Sasa ukitoka mlangoni usiondoke haraka. Ule uwanja mdogo wa mbele, Largo do Carmo, ndo mahali ambapo 25 Aprili 1974 wanajeshi waliizunguka kambi ya askari iliyo ubavuni mwa kanisa, waziri mkuu Marcelo Caetano akiwa ndani, mpaka akasalimu amri, na udikteta wa karibu nusu karne ukaisha huku watu wakiwawekea askari maua mekundu kwenye bunduki. Na kwa nini wanajeshi waliasi? Sababu kubwa ni kwamba walichoka kupigana Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, kiliundwa Dar es Salaam 1962, wapiganaji wake walifunzwa Kongwa na Nachingwea, kiongozi wake Eduardo Mondlane aliuawa Dar 1969 kwa bomu la kwenye kifurushi. Kwa hiyo Mtanzania akisimama Largo do Carmo anasimama kwenye mwisho wa habari ambayo katikati yake ilipita nyumbani kwake, na mimi niliona kibao cha maelezo pale kingekuwa kirefu zaidi.

Upande wa pili wa bonde kuna Alfama. Hapa vichochoro vinapinda, vinapanda, vinakufa ghafla kwenye ngazi, nguo zimeanikwa juu ya kichwa chako. Alfama ilinusurika kwa sehemu kubwa kwa sababu imekaa juu ya mwamba, tofauti na udongo laini wa Baixa, na ndo maana mitaa yake bado ina umbo la mji wa zama za Waislamu. Waislamu walitawala hapa tangu karne ya 8 hadi 1147, zaidi ya miaka 400, walipouita al-Ushbuna, na Alfama yenyewe ni al-hamma, chemchemi za maji moto. Mtu aliyezoea vichochoro vya Mji Mkongwe Zanzibar au Lamu au Mombasa atajisikia amefika mahali anapopajua, ule ubaridi wa kivuli, milango ya karibu karibu. Mwaka 1147 Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, aliuteka mji akisaidiwa na wanajeshi wa msalaba waliokuwa njiani kwenda Mashariki ya Kati, na kanisa kuu, Sé, likaanza kujengwa palipokuwa na msikiti. Waislamu waliobaki wakapangiwa kukaa nje ya kuta, upande wa pili wa kilima, mtaa unaoitwa Mouraria mpaka leo, na 1496 mfalme Manuel wa Kwanza akatoa amri Wayahudi na Waislamu waondoke nchini.

Lugha haikuondoka lakini. Sikiliza Wareno wakiongea utakutana na açúcar, ambayo ni sukari yetu ileile kutoka Kiarabu, limão ambayo ni limau, na oxalá, neno wanalosema wakitumaini jambo, asili yake ni sawa na inshallah. Alafu kuna yale tuliyoyachukua moja kwa moja kwao, meza, leso, bendera, kopo, mvinyo, karata, foronya, na gereza ambalo kwao igreja ni kanisa, sisi likaishia kuwa jela. Ukikaa mgahawani ukaomba mesa na copo umeshaongea Kireno.

Mouraria ya leo ni ya Wabangladeshi, Wahindi, Wapakistani, Wachina na Waafrika, utapata wali na mchuzi kwa bei nzuri. Jamii kubwa ya Waislamu wa Lisbon ilikuja kutoka Msumbiji baada ya uhuru wa 1975, na Waismailia pia, ambao makao yao makuu ya dunia yako mjini humu, na Aga Khan wa Nne, yule ambaye hospitali na shule zenye jina lake zimetapakaa kwetu, alifariki hapa Lisbon Februari 2025.

Shuka kutoka Mouraria hatua chache utafika Largo de São Domingos, pembeni ya uwanja wa Rossio, ambapo kila siku wanakaa wazee na akina mama wa Afrika Magharibi, wengi wa Guinea-Bissau, wanauza njugu za kola na kupiga soga. Kanisa la pale liliharibiwa 1755, likaungua tena 1959, na ndani nguzo zimeachwa zimepasuka na kubabuka kama moto umezimwa wiki iliyopita. Aprili 1506 hapohapo ndo yalianza mauaji ya Wayahudi waliolazimishwa kubatizwa, watu kama 2,000 au zaidi ndani ya siku tatu, na kuna jiwe la kumbukumbu nje. Ushike huo mwaka 1506, utarudi.

Waafrika hawajaanza kuwepo Lisbon juzi. Hesabu ya 1551 ilikuta karibu watumwa 10,000 kwenye mji wa watu kama 100,000, yaani mmoja kati ya kumi, na wengi wao walikuwa Waafrika. Si mbali na bunge lilipo kuna mtaa unaitwa Rua do Poço dos Negros, mtaa wa kisima cha weusi, na watafiti wanauhusisha na barua ya mfalme Manuel ya Novemba 1515 iliyoagiza lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa kwa sababu zilikuwa zinaachwa ovyo na kunuka. Leo kuna mikahawa mizuri mtaa ule. Nilisimama chini ya kile kibao cha jina nikakisoma mara mbili tatu, na sikuweza kuingia kula.

Haya, Belém. Panda tramu namba 15 au treni ya Cais do Sodré. Belém wakati ule ilikuwa nje ya mji na ardhi yake iko imara zaidi, kwa hiyo majengo yake yalivumilia, na ndo maana Lisbon tajiri ya kabla ya 1755 unaiona huku kuliko kule katikati. Hapa palikuwa mahali pa kuagania. Vasco da Gama aliondoka 8 Julai 1497, na kwenye kikanisa cha mabaharia kilichokuwa pale ndo Manuel akajenga monasteri ya Jerónimos kuanzia 1501 au 1502, watawa kazi yao mojawapo kumuombea mfalme na mabaharia. Angalia nguzo zake, zimechongwa kamba za meli, matumbawe, majani, na lile tufe la pete pete la kupimia nyota ambalo lilikuwa alama ya Manuel, ndo maana mtindo wanauita wa Kimanueli. Na nani alilipa? Kodi ya asilimia 5 ya biashara ya Afrika na Mashariki, pilipili manga, viungo, dhahabu. Kila meli iliyorudi salama iliongeza jiwe.

Ukiingia kanisani, chini ya roshani ya kwaya, kushoto kuna kaburi la Vasco da Gama na kulia la mshairi Camões. Gama alifia Cochin, India, 1524, akarudishwa Ureno 1539, na hapa alihamishiwa 1880 tu, kwa hiyo lile kaburi linaloonekana la kale ni la karne ya 19 mwishoni. Watu wanaligusa na kupiga selfi. Mimi nilikuwa nafikiria Aprili 1498, alipofika Mombasa wakashindwa kuaminiana, akasonga Malindi ambako sultani alimpokea vizuri, na sababu mojawapo ni kwamba Malindi na Mombasa walikuwa mahasimu. Malindi ndo akapewa rubani aliyejua upepo wa kusi, wakavuka mpaka Calicut, India, wakafika 20 Mei. Vitabu vingi vimemtaja rubani kuwa ni Ahmad ibn Majid, wanahistoria wengi sa hivi hawakubali na wanaona alikuwa mtu wa Gujarat. Vyovyote vile njia ilikuwa inajulikana kwa karne nyingi na majahazi yetu yalikuwa yanaenda na kurudi.

Kwa hiyo ukifika lile jiwe kubwa la mtoni, Padrão dos Descobrimentos, lenye umbo la meli na watu wamejipanga wakiangalia mbele, jina lake maana yake ni mnara wa ugunduzi, na hapo swali la kabla au baada linasaidia sana. Si la karne ya 16. Lilisimamishwa kwa muda 1940 kwa ajili ya maonyesho makubwa ya serikali ya Salazar, dikteta wa Ureno wakati ule, likajengwa la kudumu 1960, mwaka ambao Waafrika wengi walikuwa wanapata uhuru na Salazar alikuwa anakataa kuachia chochote. Ni jengo la kisiasa, na mimi naona ni haki mgeni aambiwe hivyo kabla hajapanda lifti kwenda juu. Mnara wa Belém wenyewe ndo wa zamani kweli, ulianza 1514, na ukitafuta kwenye moja ya pembe zake utakuta kichwa cha kifaru kimechongwa, kinahusishwa na kifaru aliyeletwa kutoka Gujarat 1515. Vile vikeki vya maziwa na mayai vinauzwa hapo tangu 1837. Vya moto ndo vitamu.

Sasa ile niliyoahidi. Ukirudi mjini kwa tramu hiyohiyo ya 15, shuka chini ya mtaa wa Janelas Verdes, upande ngazi mpaka makumbusho ya taifa ya sanaa ya kale. Humo kuna monstransi, kile chombo ambacho Wakatoliki wanawekea Ekaristi ili waumini waione, ya dhahabu, urefu wake ni sentimita 70 na kidogo. Mitume 12 wamepiga magoti kwa mduara, kila mmoja na sura yake, juu yao ananing'inia njiwa mweupe, na yale matufe ya Manuel yapo pia. Imetengenezwa kwa ustadi ambao picha ya simu haiwezi kuonyesha, na fundi anayetajwa ni Gil Vicente.

Dhahabu yake ni ya Kilwa. Mwaka 1502 Gama alirudi safari ya pili, safari hii na kundi la manowari, akatia nanga Kilwa na kumlazimisha mtawala, Amir Ibrahim, akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa mithkali 1,500 za dhahabu. Mithkali moja ni gramu nne na kitu, kwa hiyo piga hesabu, ni zaidi ya kilo 6. Dhahabu ile ilikuwa inatoka bara, upande wa Zimbabwe ya leo, inashuka Sofala, inapanda na majahazi mpaka Kilwa, mji uliokuwa na msikiti mkuu wa kuba na sarafu zake wenyewe za shaba, ambao msafiri Ibn Battuta aliufikia 1331 akausifu. Gama akafika nayo Lisbon 1503. Malipo yaliposimama, 1505 Francisco de Almeida akaja na meli nyingi, akaiteka Kilwa, akajenga boma, kisha akaenda kuichoma Mombasa. Boma la Kilwa Wareno waliliacha 1512, lakini biashara ya mji haikurudi tena kama ilivyokuwa.

Na haya si maneno yangu wala ya mtu mwenye hasira. Kwenye kitako cha monstransi kuna maandishi yamezunguka, kwa Kireno cha zamani, yanasema mfalme Manuel aliagiza itengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba ilikamilika 1506. Wenyewe waliandika. Magofu ya Kilwa Kisiwani yaliingia orodha ya urithi wa dunia 1981, miaka miwili kabla ya Belém, na kati ya 2004 na 2014 yalikuwa kwenye orodha ya walio hatarini kwa jinsi kuta zilivyokuwa zinaanguka, huku dhahabu iliyotoka pale inang'aa nyuma ya kioo bila hata mkwaruzo.

Wareno wanaandika Kilwa kama Quíloa, sasa usipojua unaweza kupita mbele ya kibao ukalisoma jina la nyumbani bila kulitambua. Zunguka kioo polepole, uiname kidogo, herufi ni ndogo na za mtindo wa zamani. Mimi nilikaa pale dakika arobaini hivi na walioingia na kutoka walikuwa wachache, wengi wako kwenye foleni ya tramu 28. Jumatatu makumbusho yanafungwa, kwa hiyo panga siku nyingine.